Bolti Ndefu ya Gari la Baba

Nyumbani kwa Baba,
Meza ya cherehani,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu kwanza, maana nililelewa vizuri hata nikiwa na hasira. Natumai hujambo, wifi hajambo na watoto wanaendelea na shule. Mgongo uliokuwa ukikusumbua ulipokuja likizo umepona? Kama haujapona, pole. Mimi ni mzima, kazi za kushona ni nyingi, na vidole vyangu leo vina grisi. Utaiona kwenye pembe za karatasi hii. Sikunawa kwa makusudi.

Sasa habari ya gari. Usiinuke kwenda kuchemsha chai. Kaa usome.

Unakumbuka ulivyokuja mwezi wa tatu na pampu ya maji mpya sandukuni, umeiviringisha ndani ya soksi zako. Ya zamani ilikuwa inavuja na kupiga kelele, hilo silikatai. Lakini Baba analifungua gari lile tangu mimi na wewe hatujazaliwa, na alikuomba mfanye kazi hiyo pamoja. Wewe ukamwekea kiti kivulini kama mgeni, ukamwambia apumzike. Kazi ya siku nzima ukaimaliza kwa saa mbili, ukapiga picha, ukaondoka na sifa zako.

Baba ana kile kipande chake cha boksi la viatu. Amechora juu yake umbo la pampu kwa penseli, akatoboa matundu manne, na kila bolti anayoifungua huichomeka kwenye tundu lake ili irudi ilikotoka. Alikuletea. Ukacheka, ukasema bolti ni bolti, ukazimwaga zote kwenye kikombe cha chai. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na kikombe kilikuwa changu.

Wiki tatu baadaye Baba alikuwa njiani kwenda kwa Shangazi. Mshale wa joto ukapanda. Akasogea pembeni, akazima injini palepale, akafungua boneti akakuta mvuke na rejeta haina maji. Alirudi akivutwa kwa kamba na lori la matofali. Ulipopiga simu siku ile tulikuwa sote sebuleni, spika imefunguliwa. Hukuuliza hata kama ameungua. Ulisema, "Baba, umesahau kutia maji. Umri umekwenda. Toa funguo hizo kabla hujaua mtu."

Alizifungua kwenye mkanda wa suruali, akaziweka mezani.

Kilichofuata hukijui, kwa sababu ulikata simu ukaendelea na mambo yako. Baba alianza kujishuku. Anazima jiko, anarudi kulitazama mara tatu. Ananiuliza kama ameshakula. Mtu aliyekuwa akisikia kasoro ya injini hata akiwa bafuni, sasa anauliza leo ni siku gani, nikimjibu anakwenda kuhakikisha kwenye kalenda. Miezi miwili hakugusa spana. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuamini kwamba ulisema kweli.

Wiki iliyopita nikachoka. Nikamwita fundi wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Miwani. Akasema injini haijafa, kwa kuwa aliyeendesha aliizima mapema. Huenda pampu ndiyo mbovu, ifunguliwe. Hakuwa na nafasi mpaka mwisho wa mwezi, basi leo nimeifungua mwenyewe. Ndiyo, mimi, wa cherehani. Cheka kama ulivyozoea.

Baba aligoma kutoka. Akakaa ndani, kwenye kiti cha dirishani, akanipa mgongo. Nilipoishika feni kabla ya kulegeza mkanda wake, mgongo ukasema, "Mkanda kwanza." Nikalegeza mkanda. Nilipoanza kufungua bolti, mgongo ukasema, "Boksi liko nyuma ya kabati." Nikaenda kulichukua.

Bolti tatu ni fupi na moja ni ndefu, kwa sababu hiyo hupita pia kwenye mkono unaoshika dinamo, ile ya kuchaji betri. Kwenye tundu lake Baba ameandika kabisa: ndefu. Niliyoitoa hapo ilikuwa fupi, imeshika kwa ncha tu. Ile ndefu ilitoka juu kushoto, mahali pa fupi, ambako iligota mwisho kabla ya kuibana pampu. Ulikaza ukaona imekaza, kumbe pampu imeachwa na mwanya. Tena gasketi, ile karatasi ya kuziba maji isivuje, hukuweka. Ulipaka gundi nyekundu, nene kama siagi ya mtoto asiyesimamiwa. Hapo ndipo maji yalipokuwa yakitoka, nyuma ya feni, ambako hakuna anayeona. Pampu yako haina ubaya wowote. Mbaya ni mkono ulioifunga.

Nikampelekea bolti dirishani. Akaipima kwa kidole, akauliza imetoka tundu gani. Nikamwonyesha. Akasema, "Kumbe maji nilitia." Akasema tena, "Nilitia. Asubuhi, kabla sijavaa koti." Kisha akatoka nje na viatu visivyofungwa kamba.

Karatasi ya gasketi niliikata mimi kwa mkasi wangu wa vitambaa, kwa kufuata ule mchoro wake. Gundi yako aliikwangua mwenyewe mpaka chuma kikang'aa. Kila bolti ilirudi mahali pake. Tukatia maji, akawasha, tukaliacha lingurume saa nzima. Mshale ukasimama katikati, na chini hapakudondoka tone.

Nikamletea funguo. Hakuzipokea. Alisema, "Kaka yako alikataza. Tumwulize kwanza." Halafu akanitaka nisikwambie habari ya bolti. Anasema ulitoka mbali, ulitaka kusaidia, utaumia. Yaani baada ya yote anakuonea huruma wewe. Niliingia ndani nikalia kwa hasira, Kaka, na hasira yenyewe sijaimaliza.

Sikumwahidi kitu, ndiyo maana unasoma barua hii. Utakapoipata, mpigie. Usiseme nimekuandikia. Mwambie umekumbuka mwenyewe kile kikombe, umekumbuka uliifunga bolti ndefu mahali pasipo pake, na kwamba lililotokea barabarani lilikuwa kosa lako. Usianze na "labda" wala "inawezekana", nakujua. Kisha mwambie achukue funguo zake. Neno lako ndilo lililomvua funguo, na langu halitoshi kumrudishia. Nimejaribu.

Ukishindwa, usinipigie mimi kueleza kwa nini.

Shangazi anakusalimu, bado anamngoja Baba, na kila wiki anauliza gari litapona lini. Miwani naye anakusalimu, ingawa nilipomsimulia alicheka mpaka akavua miwani. Msalimie wifi, wabusu watoto, na ukiwafundisha kufungua kitu chochote wafundishe na kukichomeka kila kipande mahali pake. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akulegeze shingo kidogo.

Mdogo wako, nikupendaye hata leo,

Mshonaji.

N.B. Simu nimeihamishia karibu na kiti cha dirishani. Funguo nimeziweka kando yake.