Kigelegele Chako Kiko Kariakoo

Shikamoo Bibi,

Nakuandikia nimesimama juani hapa Kariakoo, nina hasira hata juisi ya miwa hainishuki. Kuna kaka anaingizia watu nyimbo kwenye flashi, spika yake inasikika mtaa mzima. Mara nasikia kigelegele chako! Kile ulichonipigia uani Masasi, nikakiweka mwanzo wa wimbo wangu, nikaurusha mtandaoni bure ili watu watujue. Bibi, kuna DJ kauchukua, kafuta jina langu, na kila ninapovuta pumzi ndani ya wimbo anapiga kelele jina lake yeye.

Nikamwambia muuzaji, "Kaka, huu wimbo wangu, na anayepiga kigelegele ni bibi yangu."

Akacheka. "Acha kamba, mwanangu. Hicho kigelegele cha kompyuta."

Nikamchania ubeti wa pili wote palepale, watu wamejaa. Akanipigia makofi. "Unamwigiza vizuri mwenye wimbo, ila humfikii."

Jitunze, Bibi, na sauti uitunze zaidi. Nikirudi tunarekodi upya, na safari hii usinipigie kigelegele. Watukane hawa wezi wa nyimbo, vile unavyowatukana mbuzi wakila kunde zako.

Mjukuu wako,
Saidi