Mende Ilitoka Wapi

Papa Cibalonza,

Ukitoka ku kazi ya Salongo, usinitafute kwa jirani. Nimeenda Walungu kwa mama yako, nitapanda camionnette ya kwanza nitakayopata ku barabara. Mboga ya sombe iko ku moto ya mbabula, ongeza maji kama inakauka. Mutoto anywe dawa ya kikohozi saa sita.

~~Mama akirudia hapa, umwambie~~ Hapana. Hatarudia. Ni mimi njo niende.

Mama yako alifika asubuyi, wewe umeshatoka. Nilikuwa nimesimama karibu na kabati ya vikombe, napokea kitunga yake ya bunga mbele ya mugeni wetu, citoyenne Nabintu, na mende ikapita ku mukono yangu. Nilipiga kelele, nikatupa kitunga inje, bunga yote mu matope. Nikasema: "Mama, mumetuletea mende!" Akaokota kitunga yake tupu, akaenda bila kunywa chai.

Utaniuliza mende itanifanya nini. Hailume, haina sumu. Lakini ikitokea mbele ya mugeni, inamuonyesha namna unafagia nyumba yako. Ile njo naogopa.

Nimeshafika ku mulango mara tatu, narudia kuandika.

Nabeba chumvi, sabuni, na ile pagne yangu mupya ya kitenge, juu kitunga ya mama haipashwe kubakia tupu. Usiweke tena mukate mu kabati. Mende ilitoka mule. Nilijua tangu siku ya dimanche.

Na mama yako aliiona ikitoka mule. Alinyamaza, juu Nabintu alikuwa anatuangalia.

Maman Cibalonza