Kofia Iliyokataa Kukaa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na mashine zako za kunyolea zinakata vizuri. Mimi sijambo, ila kucha zangu zimekuwa nyeusi kwa wino na sabuni zote zimeshindwa.

Mama ameniambia kwamba humsemeshi tena mjomba, shemeji yako, na kwamba siku hizi unanyoa watu mlango umeegeshwa. Nimeona nikuandikie, maana simu zangu hupokei. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaichana.

Ulinipa kazi moja tu: bango la kinyozi, ili yule mgeni wa ng'ambo ya barabara, mwenye viti vya kuzunguka na taa za rangi, asikumalizie wateja. Sharti lako nalo lilikuwa moja, uonekane na kofia. Hilo nililielewa, baba. Tangu nywele zikuage, nani hapo mtaani amewahi kukiona kichwa chako?

Nikalifanya bango kuwa kazi yangu ya kumalizia mwaka. Zile nywele za wateja, ulizonitumia mfuko mzima huku ukinung'unika kwamba chuo kimeniharibu akili, nilizibandika kwa gundi kwenye ubao, nikazipaka wino wa kijivu, nikazigandamizia karatasi. Zikatoka ndevu zako hasa, utadhani ukizigusa zitachoma. Nywele nyingine ziliingia kwenye chai ya mwenzangu wa chumbani, tukanuniana siku nzima.

Uso na kofia nilivichapa kwa fremu za kitambaa chembamba, kila rangi na fremu yake. Unasukuma wino juu, unapenya hadi kwenye karatasi iliyo chini. La muhimu ni ukingo wa chini wa karatasi ukae kwenye alama zile zile za mezani kila mara. Uso ukatoka pamoja na kipara ambacho kofia ingekifunika, ndevu zikakaa, ikabaki kofia. Hapo kiherehere changu kikaniponza. Niliona madoa ya vidole kwenye ukingo wa chini, nikashika kisu nikazipunguza karatasi zote ili zipendeze. Kumbe nikishazikata, zote zinashuka ili kufikia alama, na kofia inachapwa juu kuliko kichwa! Mimi nasukuma wino nimeinama, mwenzangu anatoa na kuanika. Nilipoinua macho, kamba nzima imejaa baba zangu, kila mmoja kipara kinang'aa, kofia inaelea juu kana kwamba anaivua kusalimia. Nikamuuliza mwenzangu kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani ndio ubunifu. Ndivyo tulivyo hapa chuoni, mtu akianguka ngazini tunampigia makofi.

Nililia, baba. Kisha akaja mwalimu wetu wa uchapaji, mtu bahili wa sifa, akasimama mbele ya ile kamba akicheka peke yake. Akasema kinyozi kama huyu angempa kichwa chake bila wasiwasi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie. Mjomba, aliyekubandikia mabango, umemwonea. Ukweli ni kwamba nilichapa upya, na kofia ikakaa sawasawa. Nilimpa mafungu yote mawili, naye kwa kukuogopa alitaka kubandika yale yenye kofia kichwani. Mimi ndiye niliyemwambia abandike yale mengine, kuanzia stendi hadi ukutani kwa yule wa ng'ambo.

Nilifanya hivyo kwa sababu niliyaweka mabango mawili sakafuni nikayatazama. Yule mwenye kofia alikuwa mwanamume yeyote tu. Yule mwingine alikuwa baba yangu, na nilikukumbuka.

Basi kasirika na mimi. Ila mama anasema tangu Jumatatu benchi halina nafasi, na wengi ni wenye vipara waliokuwa wakijinyoa nyumbani kwa aibu. Anasema kila mmoja anavua kofia mlangoni akikusalimu, nawe unaitikia yako umeivuta hadi masikioni.

Baba, wavulie na wewe.

Nisalimie mama, na mjomba pia utakapomfungulia mlango. Mwambie mama wino haujaniua.

Ni mimi kitindamimba wako,
mwenye kiherehere