Laini ya Abu Qutaiba

Irbid,
Jumanne, 14 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Mutasim,

Assalamu alaikum. Hujambo, na joto la Doha limepungua? Kikohozi je, kimepona, au bado unajitibu kwa chai peke yake? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Goti la Mama limetulia, ila ulimi wake haujapata likizo.

Zeituni za mwaka huu ni chache lakini zina mafuta. Nitakupelekea galoni kwa mtu atakayekuja huko.

Studio yangu ya video za harusi imepata wateja. Mabibi harusi hawataki filamu ya ukumbi wa wanawake ipite mikono mingi, wanataka niwatumie wenyewe kwa intaneti, tena upesi. Hapo ndipo nilipokwama. Antena ya paani, vumbi likivuma, inazimia. Ruta ya laini ya simu ni nzuri asubuhi, lakini jioni mtaa ukisharudi nyumbani inatambaa. Faiba imefika mtaa wa pili, sisi tukaambiwa tusubiri.

Nikawa nalalamika hivyo kwenye kahawa kwa jirani yetu Abu Qutaiba, baba wa mchumba wako Rubaa. Naye kwa adabu zake akasema, "Intaneti yetu si ndiyo yenu, binti yangu? Tumia tu." Unajua kwetu neno hilo hujibiwaje: unamwombea baraka, unamaliza kahawa yako, unaondoka. Mimi nikamwomba neno la siri. Nilijua ni adabu tu, Mutasim, nikajifanya nimeamini. Mzee akababaika, akatazama kikombe chake, akanipa.

Sasa nikwambie kilichoniandikisha barua hii. Jumapili ya wiki iliyopita Rubaa alikuwa na usaili wa ile shule ya huko kwako, kwa video. Upande wangu wa ukuta nilikuwa napandisha filamu ya harusi nzima kwa laini ileile. Picha yake ikaganda, sauti ikakatika, na wale walimu wakamshukuru wakaaga.

Mchana mama yake akabisha hodi. Nikasema moyoni, leo nitayasikia. Kumbe ameleta sahani ya makluba, ule wali wa nyama na biringani, ya moto, anauliza kama kazi yangu inaendelea vizuri. Nikaipokea sahani, nikasema inaendelea vizuri.

Nimeshaiacha laini yao. Nilizunguka maduka ya mtaa wa pili nikiuliza faiba yao hukatika lini na fundi huchukua muda gani kuja, kisha nikakodi chumba huko, na betri ya kuishika ruta umeme ukienda. Ndiyo niliyopaswa kuyafanya tangu mwanzo. Shule pia nimeiandikia kwa jina langu, haijajibu.

Mama ananiambia umemnunia Rubaa kwa kuwa alikwambia hakujiandaa, ukasema basi pengine hataki kuja. Rubaa amenisitiri, kwa sababu mimi ni dada yako. Alijiandaa. Ukuta wetu ni mwembamba, na wiki nzima nilimsikia akirudia majibu yake. Siku yenyewe nikamsikia akisema, "Mnanisikia? Jamani, mnanisikia?" Nikaitazama filamu yangu. Ilikuwa imebaki kidogo tu, nikaiacha imalize.

Mpigie leo. Mimi utanigombeza kesho.

Msalimie Mjomba Nabhan na wenzako wa chumbani. Mama anakuombea usiku na mchana, nami naitikia amina. Mungu awakutanishe wewe na mwenzako kwa heri.

Dada yako akupendaye, mwenye haya,
Nuwwar