Damiani Aliyekufa Si Mimi

Chuno, Mtwara

Mama yangu mpendwa,

Dada Agata, wewe unayemsomea Mama, anzia hapa kabla ya salamu: mimi Damiani ni mzima. Mama, mwanao ni mzima, na ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Agata akuhakikishie mwandiko, anaujua. Ile simu ya maandishi mliyopelekewa kwamba nimefariki kazini ilikosewa. Kaa kwanza, unywe maji, kisha Agata aendelee.

Shikamoo Mama. Kila nikitaka kuuliza habari za afya yako, kalamu inasita, maana najua salamu hizi zinaikuta nyumba imejaa watu waliokuja kunililia. Je, umekula? Kile kifua kimekuachia? Nakuwazia umekaa chini na kichwa kimenyolewa kwa ajili yangu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na sitakuficha kitu.

Nilipokuaga nilisema nimepata kazi ya mabomba huku Mtwara, nawe ukawaambia majirani kuwa mwanao anawapa watu maji. Ni kweli, siku nyingi kazi yetu ni hiyo. Bomba limepasuka Shangani, tunachimba. Koki imekwama, tunaifungua kwa mafuta na nyundo. Lakini mji una mabomba ya namna mbili, yale yaletayo maji safi na yale yaondoayo maji machafu ya vyooni, na kikosi chetu kinatunza yote. Haya ya pili sikukuandikia. Sikutaka uyafikirie ukiwa unakula.

Kikosini tulikuwa akina Damiani wawili. Mimi waliniita Damiani wa Bara, na mwenzangu Damiani wa Ruvuma. Yeye ni Mmakonde wa ng'ambo ya mto huo wa Ruvuma, nchi inayotawaliwa na Mreno. Walivuka yeye, mkewe Filomena na mjomba wake vita vilipochachamaa kwao, wakapewa mashamba Ziwani, nje kidogo ya mji. Wazee wake wana chale usoni, lakini yeye alikulia misheni, hakuchanjwa. Kimo chake kimo changu, na mwili wake kama wangu. Mzee Saidi, msimamizi wetu, alikuwa akisema tumetoka kiwanda kimoja ila tumepakiwa kwenye magunia tofauti.

Tulipanga chumba kimoja hapa Chuno. Jumamosi anapanda baiskeli kwenda kwa mkewe, Jumatatu anarudi na korosho za kuchoma ndani ya kitambaa. Mara nyingi alinichukua nikashinde Jumapili kwao. Filomena ananiita shemeji. Alikuwa akinicheka ninavyoogopa kula chaza wa baharini, akasema watu wa milimani tunadhani kila kitu kisicho na miguu ni nyoka.

Basi, wiki iliyopita, asubuhi moja baada ya mvua kubwa, tuliitwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa bandari. Maji machafu yalikuwa yakifurika uani, akina mama wamesimama na watoto mgongoni wakitupigia kelele tufanye haraka. Tukafunua chemba, yaani lile shimo refu lenye mfuniko wa chuma ambamo mtu huteremka ili kuzibua. Desturi ya Mzee Saidi ni kuliacha shimo wazi kwa muda mrefu ili lipumue. Tuliliacha, lakini nadhani halikupumua vya kutosha. Zamu ilikuwa yangu. Nikateremka na ufito mrefu wa kuzibulia.

Mwanzoni palinuka kama mayai yaliyooza. Kisha harufu ikakoma kabisa. Mama, nilifurahi! Nilidhani hewa imesafika, kumbe hewa ile ya sumu huua pua kwanza. Nikasukuma ufito, kitu kikaachia, maji yakavuma. Halafu miguu ikawa si yangu. Nakumbuka Damiani juu akiita, "Wa Bara! We, wa Bara!" nami nikitaka kujibu na mdomo hautii. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Mzee Saidi. Anasema Damiani hakungoja kuambiwa. Yeye Mzee alimpigia kelele asiingie, akamshika hata shati, shati likamchanikia mkononi. Damiani akaruka ndani na kamba. Walimwona akinifunga chini ya makwapa, akapandisha mkono wavute, wakavuta. Nilipofika juu wakamtazama yeye, hawakumwona. Alikuwa amekwisha kuanguka. Mzee Saidi alijifunga kanga yenye maji usoni na kamba kiunoni, akateremshwa yeye mwenyewe kwa umri wake ule, ndipo Damiani akatolewa.

Tulilazwa pale chini wawili, tumepakaa uchafu kutoka nywele hadi kucha. Lori la halmashauri lililokuwa karibu likatukimbiza hospitali. Mzee Saidi hakuja nasi, maana naye alikuwa ameishiwa pumzi, wenzake wanampepea. Dereva si mtu wa kikosi chetu; majina yetu anayajua, sura hazijui vizuri. Tulipofika, mmoja alikuwa amekata roho. Wakamwuliza dereva, "Huyu ni nani?" Akasema, "Damiani." "Na huyu?" "Damiani." "Wa wapi na wapi?" Akatutazama, akanyoosha kidole akakosea. Ni hivyo tu, Mama. Simlaumu. Tangu siku ile haongei na mtu.

Maiti ikafunikwa kwa jina langu. Jioni ile karani wa ofisini akapiga simu ya maandishi misheni kwenu, na mtu akapelekwa Ziwani kumwambia Filomena kwamba yule shemeji wa bara amekufa, ila mumewe yuko hai, amelazwa, aje asubuhi.

Akaja. Hapo ndipo ninapotaka Agata asome polepole.

Mimi nilikuwa nimelala sijafumbua macho tangu jana yake. Nilisikia sauti ya muuguzi ikisema, "Mumeo yule pale, mama, ana bahati sana huyo." Nikasikia ndara zinakuja haraka haraka, na mtu anahema kama aliyekimbia. Nikafumbua macho. Filomena alikuwa amesimama na bakuli la uji, uso wake unacheka na macho yamevimba. Baadaye niliambiwa yale macho yalivimba kwa kunililia mimi njia nzima.

Kile kicheko nilikiona kinavyoondoka.

"Shemeji," akasema taratibu. "Weye si umekufa?"

Sikumwelewa. Nilidhani naota. Nikamwuliza, "Damiani yuko wapi?" Naye, wakati uleule, akaniuliza hilohilo: "Damiani yuko wapi?" Maneno yetu yakagongana hewani. Nikamwona anaelewa kabla yangu.

Hakupiga kelele. Aliliweka bakuli juu ya kistuli, akalifunika vizuri kwa sahani lisiingie nzi, akaukaza mtandio, akamgeukia muuguzi. "Nipeleke kwa yule mwingine," akasema.

Muuguzi akawa anababaika, "Mama, subiri kidogo nimwite bwana mganga..."

"Nimesema nipeleke."

Wakatoka. Nikawa nahesabu matundu ya chandarua kwa sababu sikutaka kufikiri. Kisha kikaja kilio kutoka nyuma ya wodi. Mama, nimesikia vilio vya msiba tangu utotoni, lakini hiki sikuwahi kukisikia. Kilikuwa kilio cha mtu aliyekwisha kumshukuru Mungu. Ndipo na mimi nikajua. Nilitaka kulia, machozi hayakutoka. Hadi leo hayajatoka sawasawa.

Mzee Saidi alifika saa hiyo kuja kuchukua maiti yangu wakanizike makaburi ya mjini, kwa kuwa sina ndugu hapa. Jeneza lilikuwa tayari, na msalaba umeandikwa jina langu na la kijiji chetu. Alipoingia wodini kumjulia hali mgonjwa, akanikuta mimi nimekaa kitandani. Alishika nguzo ya mlango. "La ilaha illallah," akasema, akarudia mara nyingi, kisha akakaa sakafuni na kofia yake mkononi.

Maiti ikapelekwa Ziwani siku ileile. Mganga alinikataza kwenda, nikaenda. Nilipandishwa lorini pamoja na jeneza. Kufika kule, watu waliokuwa wakijiandaa kumpokea mgonjwa aliyepona walipokea jeneza, na pembeni yake mimi. Wengine walirudi nyuma waliponiona. Mtoto mmoja alikimbia. Siwezi kuwalaumu, walikuwa wamekwisha kuniombea kama marehemu.

Mjomba wake Damiani, ambaye kwao ndiye mwenye neno, aliniita mbele ya watu wote. Kiswahili chake ni kizito. Akauliza, "Kule shimoni, nani alitangulia?"

Ningeweza kusema tuliingia pamoja. Mzee Saidi alinitazama, nadhani asingenisuta.

"Mimi," nikasema. "Nilianguka, akanifuata kunitoa."

Mjomba akatikisa kichwa muda mrefu. "Tulikimbia mabomu," akasema, "tukasema huku ni salama. Sasa mabomba." Kisha akamnyang'anya kijana mmoja jembe akanipa mimi. "Fukia ndugu yako."

Nikafukia, Mama, nikiwa bado na kizunguzungu cha kule shimoni, mpaka Mzee Saidi akanishika mkono. Hakuna aliyenitukana. Ningependa mmoja angenitukana.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumpa Filomena mkono wa pole. Hakuupokea. Alisema, akitazama chini, "Shemeji, sina neno na weye. Ila usije kwanza. Nikikuona, nakiona kile kitanda." Nikamwambia nimesikia. Ndivyo tulivyoachana, na bado sijarudi.

Karani amekuja kuniomba radhi. Anasema amepiga simu nyingine ya kuifuta ile ya kwanza, lakini mvua imekata njia nyingi na hajui kama imefika. Kwa hiyo barua hii nampa padri anayesafiri kwenda Songea, aipeleke mwenyewe. Najua utasema nirudi nyumbani mara moja. Nitakuja nikuone kwa macho, uniguse, baada ya arobaini ya mwenzangu. Nitairudia kazi au sitairudia, sijui bado. Juzi nilipita karibu na mfuniko wa chemba barabarani nikajikuta nimevuka upande wa pili bila kukusudia. Chumbani nalala upande wangu uleule, mkeka wake sijaukunja. Nikinawa, nanawa tena.

Sasa Mama, nina ombi moja, na tafadhali usilikatae. Najua barua hii ikisomwa nyumba itageuka furaha, watu watacheka na kupiga vigelegele, na wengine watasema tulilia bure. Usikubali waseme hivyo. Uliambiwa Damiani amekufa, ukamlilia Damiani, na Damiani kweli amekufa. Kama mmekwisha kulipia misa, isomwe kwa jina hilohilo. Kama mmepika chakula cha matanga, watu wale. Mama yake mzazi alibaki ng'ambo ya mto, hajui lolote, na hakuna njia ya kumfikishia habari. Mlilie kwa niaba yake walau siku moja zaidi, halafu ndipo ufurahi kwamba mimi nipo.

Nisalimie Baba Mdogo, najua ndiye aliyekwenda kuipokea simu ile misheni, mwambie pole sana. Nisalimie Bibi, mama yake Baba, mumwambie polepole asije akashtuka mara ya pili. Shemeji mume wa Agata, na Shangazi aliyenifungia maharage siku ya safari, wote nawasalimu. Wewe Agata, asante kwa kufika hapa bila kukatiza. Ukimaliza, mkumbatie Mama kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao uliyemzaa,
niliye hai,
Damiani