Hapakuwa na Kidole

Baba,

Nimekuandikia barua nyingi tangu tukuzike, zote kichwani. Hii ndiyo ya kwanza kushikiwa kalamu. Juzi Jumamosi, hapa Dubai, nimeambiwa kwamba yule mwamuzi hakunyoosha kidole.

Unamjua ninayemsema. Yule mzungu mnene wa kofia nyeupe, aliyekutoa uwanjani siku ya fainali na hali hukuwa umetoka, akawanyima kombe na kukukosesha kazi. Nimemchukia tangu nikiwa na miaka sita. Niliwahi kumchora kwa penseli za rangi, kidole chake kirefu kuliko mwili wake mzima, nikakuletea karatasi mbio mbio. Hukucheka. Uliikunja mara nne ukaitia mfukoni, nami nikadhani nimekufurahisha kupita kiasi.

Barua hii nitaiacha wengine waisome, kwa hiyo wavumilie nikiwaeleza. Baba yangu alicheza kriketi, mchezo ambao mwamuzi akinyoosha kidole, mpigaji ametolewa. Kule kaskazini mwa Uingereza kuna vilabu vya miji midogo ambavyo wachezaji wake ni mafundi bomba, walimu na wauza nyama, watu wanaocheza Jumamosi kujiburudisha. Lakini kila klabu huajiri mgeni mmoja wa kulipwa kutoka ng'ambo, wanamwita pro. Pro hufundisha watoto, husukuma rola la kulainisha uwanja, hulala chumba cha juu kwenye nyumba ya mwanachama, na siku ya mechi hutegemewa kuliko wengine wote. Kwa misimu sita ya kiangazi pro wa klabu moja kule alikuwa mtu wa Nairobi. Alikuwa wewe.

Wewe uliporudi kwa mara ya mwisho nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka sweta tu: rangi ya damu ya mzee, na kifuani nembo ya daraja na kondoo. Ulinivika, likanifika miguuni. "Huyu sasa ni Kumi na Moja wangu," ukasema, kwa sababu mimi ni kitinda mimba, na kwenye kriketi wa kumi na moja ndiye wa mwisho kuingia kupiga. Akitoka yeye, mchezo umekwisha. Jina hilo ukaniita mpaka hospitalini.

Unakumbuka mazoezi yetu nyuma ya nyumba, Baba? Mpira wa tenisi uliozungushiwa selotepu, gongo ulilochonga mwenyewe, na Mama kwenye kamba ya nguo. Siku moja mpira ulipita karibu sana na gongo langu, ukaudaka; kama uligusa gongo kabla ya kudakwa, nimetoka.

"Umegusa?" ukauliza.

"Sijagusa."

"Mimi nimesikia. Lakini mimi si mwamuzi. Mwamuzi ni mama yako. Mama Kumi na Moja, amegusa?"

"Nina mashuka manne hapa ya kuanika," Mama akasema na vibanio mdomoni. "Mnikome wote wawili."

"Umesikia? Mwamuzi hajanyoosha kidole. Basi simama hapo hapo ucheze."

Nilikuwa nimegusa. Wewe ulijua, nami nilijua kwamba unajua. Tulicheka hadi Mama akaturushia kibanio. Lakini baadaye, ukinifungua pedi za kukinga miguu ulizonitengenezea kwa magazeti, hukuwa unacheka tena. Ulinishika mabega. "Nisikilize. Katika dunia hii usitoke mpaka kidole kinyooshwe. Wewe usijitoe. Hakuna atakayekushukuru."

Nimeishi kwa maneno hayo. Shuleni nilipovunja kioo cha maabara nilisimama na wenzangu, kimya, mpaka kesi ikaisha yenyewe. Chuo kikuu hivyo hivyo. Nimekuja nayo huku, pamoja na sweta lako, ambalo nalivaa ofisini kwa sababu kiyoyozi cha ofisi za eneo huru la biashara la uwanja wa ndege kimewekwa na mtu anayetuchukia.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Tunasafirisha mizigo, Baba. Kwetu kompyuta haifungwi mtu akiinuka, kwa sababu kuingia upya huchukua dakika nyingi. Ukikuta iliyo wazi unaitumia, yalla, kazi iende. Wiki tatu zilizopita Zuhura alikwenda kuswali. Zuhura ni dada wa Tanga; tunakaa chumba kimoja huko Al Nahda, kitanda changu juu, chake chini. Mteja alikuwa anapiga simu kila dakika. Nikakaa kwenye kiti cha Zuhura, nikaingiza mzigo wa dawa za sukari zilizotakiwa chumba cha baridi. Nikachagua ghala la kawaida. Kidole changu kiliteleza mstari mmoja tu chini. Dawa zikakaa kwenye joto siku mbili, zikatupwa zote.

Uchunguzi ulipofika ofisini, Jumanne iliyopita, jina kwenye kompyuta lilikuwa la Zuhura.

Nilijua papo hapo ni mimi. Nilikumbuka hata rangi ya simu iliyokuwa inalia. Meneja, ambaye kwa desturi ya huku tunamwita sir, alimpa Zuhura barua ya kuitwa kikaoni Jumatatu saa tatu. Kila mtu alijua maana yake: kazi imekwisha, viza inafutwa, anarudi nyumbani. Jioni hiyo alikaa kitandani na baibui lake, hajavua hata viatu.

"Labda nilibonyeza vibaya, shoga," akaniambia. "Siku zile nilikuwa nafunga. Sikumbuki, wallahi. Lakini kompyuta itanisingizia kwa nini?"

Nikamchemshia chai. Hicho ndicho nilichofanya, Baba, nilimchemshia chai. Usiku na mchana nilijirudia neno lako: hakuna aliyekuuliza, kidole hakijanyooshwa, simama hapo hapo.

Jumamosi nikatoka kwenda Deira ili nisimwone usoni. Kituoni kwenye metro nikakuta wanaume kumi na wawili waliochomwa na jua, na kifuani kwa kila mmoja daraja na kondoo. Nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Vilabu vya Uingereza huja huku kabla ya msimu wao kufanya mazoezi kwenye jua, hilo nilikuwa nalijua, lakini sikuwahi kufikiri kwamba klabu yako nayo ni ya watu wa kweli, wenye mifuko na chupa za maji.

Nikawatajia jina lako. Vijana hawakulijua. Mmoja akasema, "Muulize Doreen. Doreen anawajua wote, hata waliokufa." Wakanichukua mpaka uwanjani walikokuwa wanacheza.

Doreen ni yule mwandishi wa matokeo, Baba, mwenye nyumba uliyolala chumba cha juu. Amezeeka. Alikuwa kivulini na daftari lake, akiandika kila mpira unaotupwa kama alivyofanya enzi zako. Alinitazama paji la uso, hili nililorithi kwako, kabla sijasema neno.

"Nimesubiri kadi ya Krismasi," akasema. "Miaka miwili haikuja. Nikajua."

Nikamwambia lini, na ugonjwa gani. Aliweka penseli chini, na kijana mmoja akapaza sauti, "Doreen, umekosa mpira!" Akamjibu bila kugeuka, "Na wewe umekosa saba, mimi nimekutangaza?"

Nikacheka. Nikajiona nimefika kwa watu wako. Na kwa kuwa nilijiona nimefika, nikamuuliza habari za yule mwamuzi: alikuwa nani, na kama alijutia alichokufanyia.

"Mwamuzi yupi?"

"Aliyemtoa Baba kwenye fainali. Akiwa na mikimbio tisini na nne."

Aliweka daftari pembeni. Kisha akatoa simu, akatafuta picha. Ukurasa wa daftari lake la mwaka ule. Jina lako, tisini na nne, na pembeni, kwa penseli, maneno machache.

"Mlikuwa mmebakiza mikimbio kumi na moja tu mshinde," akasema kana kwamba nami nilikuwepo. "Mpira uligusa ukingo wa gongo lake, kidogo sana, mlinda wiketi, yule asimamaye nyuma ya mpigaji, akaudaka. Wapinzani wakapiga kelele kwa kubahatisha, kuomba atolewe. Mwamuzi akatikisa kichwa. Si yeye tu, hakuna aliyesikia. Baba yako akalitia gongo lake kwapani, akaanza kutembea kutoka uwanjani. Nahodha wetu akamfokea kutoka jukwaani arudi. Hakurudi. Wa mwisho kuingia alikuwa fundi bomba aliyekuwa hajawahi kupiga chochote msimu mzima. Akapata mikimbio minne. Tukapungukiwa saba."

Sikumbuki kama nilikaa au nilisimama. Nakumbuka sauti ya mpira ukigongwa mbali, na jasho lililonikauka mgongoni.

Akaendelea taratibu. Alisema wenyeji wakijitoa wenyewe husifiwa, huitwa waungwana. Lakini pro analipwa abaki. Wakati wa chai baada ya mechi wenzako kumi walikaa meza moja, na wewe ukakaa nyingine. Doreen akateremka na sahani ya mkate, akakaa mbele yako.

"Akaniuliza, umeandika nini? Nikamwambia, nimeandika umedakwa, kama kawaida. Akasema, ongeza kwamba nilitoka mwenyewe. Ndiyo hayo ya penseli. Mwaka uliofuata klabu ikachukua mtu mwingine."

Baba. Hapakuwa na kidole.

Nilirudi Al Nahda nikiwa nimekukasirikia kuliko siku ulipokufa. Miaka ishirini umeniacha nimchukie mzee wa watu aliyetikisa kichwa tu. Umenifundisha kusimama, wewe uliyetembea. Kule ulitaka iandikwe, tena kwa mkono wa mtu mwingine, isije ikapotea, nyumbani ukaificha. Na ule mchoro wangu uliokunja mara nne, uliuweka wapi? Uliutazama tena?

Jana kutwa nimefikiri. Nadhani najua ulivyofika pale mlangoni na begi lako, Mama akakuuliza, "Mbona hawakuiti tena?" nasi wanne tumekuzunguka. Ungemwambiaje kwamba ulikuwa na mechi mkononi na msimu wa mwaka mwingine, ukaviacha kwa mlio uliousikia peke yako? Mwamuzi alikuwa rahisi zaidi. Akaishi nasi, mnene, na kofia yake. Nadhani pia kwamba uliponishika mabega ulikuwa unanikinga. Hukutaka nikae meza ile. Naelewa, na bado nimeshtuka, na sijui kama mshtuko huu utaniisha.

Leo asubuhi Zuhura alivaa baibui lake jipya. Nilimfuata ofisini kwa meneja bila kuitwa. Nilivaa sweta lako.

"Wewe una nini hapa?" sir akauliza. Barua ya kumfukuza ilikuwa mezani tayari, kalamu juu yake.

"Ni mimi niliyeingiza ule mzigo. Kwenye kompyuta yake. Yeye alikuwa msikitini."

"Una ushahidi?"

Nilitaka kucheka, Baba. Ushahidi! "Sina. Hakuna aliyeniona."

Alinikazia macho kama anayesubiri nibadili. Nafikiri alinipa nafasi. Hata yeye alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Khalas, basi," akaichana ile barua, akavuta karatasi nyingine.

Nilimgeukia Zuhura. Sijui nilitegemea nini. Alikuwa ameshika mkoba kifuani.

"Siku sita," akasema kwa sauti ndogo. "Siku sita unaniona nalia pale chini, na wewe uko juu. Ukanipa na chai."

"Zuhura, nisamehe."

"Sasa hivi sitaki kukuona."

Akatoka. Yeye amebaki na kazi, mimi sina. Mchana nilikwenda mgahawani kwa mara ya mwisho. Wenzangu walikuwa meza moja. Mmoja aliniangalia, akaangalia sahani yake. Nikakaa peke yangu na chai yangu, na ndipo nilipokuona, Baba, kijana mwenye sweta jipya, na mvua ya kule dirishani, unakoroga kikombe usichokinywa. Ulisema kweli, hakuna atakayekushukuru. Hilo hukunidanganya.

Lakini mimi nimetembea nikiwa nimechelewa siku sita, na wewe ulitembea papo hapo, kabla kelele hazijatulia. Wewe ulibeba hasara yako mwenyewe. Mimi niliianza kwa kumbebesha mwenzangu. Sitajilinganisha nawe.

Jambo moja tu nililifanya kama wewe. Sir alipomaliza kuandika alinisomea: mfanyakazi alikiri kosa baada ya kuhojiwa. Akanisogezea kalamu nitie sahihi.

Nikamwambia, "Sikuhojiwa, sir. Andika nilikuja mwenyewe."

Akanitazama, akakata ule mstari, akaandika.

Lala, Baba. Nikirudi Nairobi nitamwambia Mama, pale pale kwenye kamba ya nguo. Utuombee sote wawili.

Ni mimi binti yako,
Kumi na Moja.