Uyoga bafuni, udi sebuleni

Jumapili, mvua za vuli. Imenyesha asubuhi ikaacha lile joto la kunata, na Kariakoo nzima ni tope. Nimechoka, mikono inanuka karanga, na nina furaha ambayo nisipoiandika hapa nitatoka nayo dirishani nikawapigie kelele wapita njia.

Nianze na bafu letu. Mimi na mama siku hizi tunaoga kwa adabu kubwa, kwa sababu kuna mgeni humo ndani. Ananing'inia kwenye msumari juu ya ndoo. Ni mfuko wa nailoni uliojaa maranda na pumba, umepandwa mbegu za uyoga. Niliununua kwa dada mmoja wa Mbagala anayeandaa mifuko hiyo mwenyewe nyumbani kwake. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: chana mfuko kwa wembe, nyunyizia maji, weka pasipo na jua, hewa safi ipite. Basi.

Sikuununua kwa kufuata mkumbo. Mama amekuja kwangu kutoka Njombe kwa matibabu ya saratani, na dawa zimemwondolea ladha kabisa. Anasema chakula chote ni kama kutafuna karatasi. Nimempikia samaki wa Feri, nimempikia mtori, nimempikia pilau. Anakula vijiko vichache, anasema asante mwanangu, kizuri, halafu anasukuma sahani. Daktari ametuambia wazi kwamba uzito ukizidi kushuka, dozi inayofuata itabidi isubiri.

Siku moja nikamuuliza anatamani nini hasa. Akafikiri sana. Akasema uyoga, ule wa kwao, wa karanga.

Sokoni nilipata mkavu. Mama aliunusa akageuza uso. Ndipo nikaleta mfuko.

Mwanzoni ulikuwa mweupe tu, kama umepakwa unga. Halafu asubuhi moja, pale nilipopitisha wembe, pakatokeza vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti. Jioni nikarudi kutoka dukani kwangu, ambako nauza zipu na vifungo, nikakuta vimevimba. Kesho yake vina kofia. Mimi niliyeshindwa kuotesha hata mnanaa kwenye kopo, niligeuza ndoo nikakaa juu yake nikautazama tu. Unakua bila udongo, bila jua, bila kelele, katika mji ambao hata kuuza sindano mtu anashika kipaza sauti. Nikampenda mgeni wangu. Mama naye akawa anaomba nimshike mkono akauone.

Kisha ukanyauka.

Hapa lazima nimlete Bi Zuwena. Ni jirani yetu wa mlango wa pili, mjane wa Kiarabu, ana duka la manukato chini ya jengo hili hili. Ana ufunguo wetu, maana ndiye anayemwangalia mama nikiwa kazini. Kila Alhamisi alasiri anafukiza udi kwake, na tangu mama aje anavuka na chetezo mpaka kwetu, chumba kwa chumba, akimwombea mgonjwa. Nyumba inanukia hadi raha. Alhamisi ile aliingia bafuni, akakutana na harufu ya maranda yaliyolowa, akatuonea huruma. Akaacha chetezo humo humo kikifuka, akafunga mlango.

Siku ya pili yake kofia zilikuwa na manjano pembeni, ya tatu zikakauka. Nilimpigia simu yule dada wa Mbagala. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama tunawasha chochote chenye moshi.

Sasa huo ndio ulikuwa mtihani. Unamwambiaje mtu mzima, anayekufukizia nyumba kwa udi wake na dua zake, kwamba ameua?  Niling'oa vilivyokufa, nikachana mfuko upande wa pili, nikaendelea kunyunyizia maji. Vichwa vikatokeza tena, na mimi nikawa nahesabu kuelekea Alhamisi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Ilipofika, nilifunga duka mapema makusudi. Nikamkuta Bi Zuwena keshafika mlangoni mwa bafu na chetezo, na safari hii ameongeza ubani. Kumbe alikuwa ameona ule uyoga wa kwanza ulivyonyauka, akapata maelezo yake mwenyewe: umepigwa jicho. Na dawa ya jicho anaijua.

Adabu yangu ikaishia hapo. Nilijiweka katikati ya mlango, hata shikamoo sikutoa, nikamwambia ni moshi, Bi Zuwena, moshi ndio unaoua.

Akatazama chetezo. Akatazama mfuko. Kisha akamtazama mama, aliyekuwa sebuleni amejifunika kanga.

"Sasa si ungesema, mwanangu? Naua huku naomba dua."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akashuka na chetezo ngazi zote mpaka barabarani. Nilidhani amenuna na ufunguo wetu utarudi kesho. Kumbe akapanda na kipepeo cha kupepelea mkaa, autoe moshi uliobaki.

Tangu siku hiyo hajafukiza. Si kwetu tu, hata kwake, maana anasema moshi hauna adabu, unapita chini ya mlango. Mwanamke ambaye kwenye ngazi unamnusa kabla hujamwona! Akamfuata na muuza mishikaki wa chini ya jengo. Sijui walizungumza nini, ila jiko limehamia upande wa pili wa barabara. Mchana nikiwa dukani, yeye huweka kigoda mlangoni mwa bafu akaupepea uyoga huku akipiga soga na mama.

Watu wengi wanaweza kukupenda kwa njia waliyoizoea. Huyu aliibadilisha njia yenyewe, alasiri ile ile, bila kinyongo. Mimi nisingeweza. Nasema kweli.

Leo asubuhi shada zima lilikuwa limefunguka, kofia juu ya kofia, rangi ya kijivu laini. Nililikata kwa wembe ule ule. Mama alikataa kisu, akauchana uyoga kwa mkono kama wanavyofanya kwao. Bi Zuwena akatwanga karanga kwenye kinu chake kidogo cha tangawizi. Nikasonga ugali, nikapika kwa maelekezo ya mama kutoka kwenye kiti, nikapakua.

Mama akala tonge la kwanza. Mimi na Bi Zuwena tukajifanya tunaongea habari za mvua. Akala la pili. Mkono ukarudi tena kwenye sahani, kisha ukasimama, na akakunja uso. 

"Neema, chumvi hujakoleza."

Tangu dawa zianze hajawahi kukosoa chakula changu, maana hakuwa na cha kukosoa. Nikachukua tonge nikaonja. Kweli, chumvi imepungua.

Bi Zuwena alifunika uso kwa ncha ya mtandio. Nami nikaenda jikoni kuchukua chumvi, nikakaa huko muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji. Niliporudi, mama hakuwa amenisubiri. Sahani ilikuwa tupu, na alikuwa anamuuliza Bi Zuwena kama kuna uyoga uliobaki kwenye sufuria.